Picha Mbili za Kuinama

3 Juni

Kwa Karani wa hospitali, yule anayekaa nyuma ya kioo.

Salamu nakupa nusu, nusu nyingine nitakupa tukishaelewana.

Mimi ni mchimba visima. Watu wananiita Mwamba na hakuna anayeuliza mwamba gani. Nimechimba visima sitini na kimoja, hakuna hata kimoja kilichokauka, na ukisikia mtu anasema kile cha nyuma ya soko kilikauka, mwambie ni mwongo, walikijaza takataka wenyewe. Barua hii naandika kwa mkono wangu. Shule nilikaa miaka miwili tu, nikaona inatosha, nikawaachia wengine nafasi.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita nilikuja kwenu kupigwa eksirei ya mgongo. Siumwi. Ni kamati ya shule ndiyo inataka kisima, na mwenyekiti wao, mtu wa tai, kasema mzee wa miaka sabini na moja hashuki futi themanini bila barua ya daktari. Nikacheka, nikaja. Nikapigwa, na barua nikaipata, nzuri mno, mgongo hauna tatizo, aendelee na kazi. Hiyo sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni karatasi ya bima. Binti yangu ndiye ananikatia bima, na bima wameleta karatasi nitie sahihi kwamba huduma nimeipata. Nimeisoma neno kwa neno, imenila asubuhi nzima. Imeandikwa namba 414, na pembeni yake: "Picha tano za kiuno, pamoja na za kuinama mbele na kurudi nyuma."

Karani! Picha zilikuwa tatu. Nilizihesabu kwa mlio wa mashine, na mtu aliyehesabu ndoo za udongo miaka hamsini hawezi kushindwa na tatu. Na hizo za kuinama ndizo uongo wenyewe. Mpiga picha wenu alisema, "Mzee, inama ushike vidole vya miguu." Nikamwambia mimi siinami. Nikachukua shati langu nikatoka. Watu husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi cha mvunguni kikinisikia nakuja hutoka chenyewe.

Pesa ya bima hainihusu, wagombane wao. Sahihi ndiyo yangu, na haijawahi kusema uongo tangu nizaliwe, maana nimeitumia mara nne tu.

Futa hiyo 414.

Mwamba

Tena: usinitafute kwa simu. Maneno ya simu hayana mwandiko.


7 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, tena imepita mezani kwa watu wanne kabla ya kuletwa kwangu, na kila mmoja kacheka mahali tofauti. Mimi ndiye karani wa misimbo, Chumba namba 9. Nyuma ya kioo anakaa mwenzangu. Chumba changu hakina hata dirisha.

Naomba nikueleze kazi yangu, huenda ugomvi ukapungua. Mgonjwa simwoni. Naona faili lake. Kila kitu alichofanyiwa nakigeuza namba, kwa sababu bima hawasomi maneno yetu, wanasoma namba. Hiyo ndiyo tunaita msimbo. Kwa picha za kiuno, zikiwa mbili au tatu naandika 412. Zikiwemo za kuinama naandika 414. Sibuni chochote. Nafungua faili, nahesabu picha, naandika.

Nimelifungua tena faili lako kwa ajili ya barua yako. Picha ni tano. Tatu umesimama au umelala. Mbili mtu ameinama mbele na amerudi nyuma, tena ameinama vizuri, kama kijana.

Naomba utie sahihi, Mzee. Wiki mbili zikipita faili linarudishwa kwangu na alama nyekundu.

Wako katika kazi,
Karani wa Misimbo


10 Juni

Karani wa Chumba namba 9,

Marahaba. Sasa nakuuliza, huyo aliyeinama vizuri kama kijana ni nani? Mlete nimwone. Kama ana mgongo mzuri hivyo nimpe kazi.

Unasema mgonjwa humwoni. Ndiyo maana umedanganywa. Mimi kisima sikichimbi kwa kusoma faili. Nashuka. Ukishuka ndio utajua.

Ngoja nikupe alama yangu, maana binadamu hafanani na binadamu mwenzake. Kiunoni mwangu kuna chuma. Nilipokuwa nachimba kisima cha kumi na tisa, tindo ilivunjika kwenye jiwe na kipande kikaruka, kikagonga ukuta, kikanirudia mgongoni. Kama punje ya mchele. Daktari wa wakati ule alisema akikitoa ataharibu, akikiacha kitanyamaza. Kimenyamaza miaka thelathini na minne. Nenda kaangalie kama kijana wako ana punje.

Na usidhani naandika kwa shida. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo. Kukaa ni kwa makarani. Mzee mwenzangu mmoja anashangaa kila siku navaa vizuri kumshinda, nina viatu vipya vya kutumbukiza mguu, havina kamba, ndiyo fasheni ya sasa. Yeye bado anahangaika na mafundo.

Kazi ya shule inaanza tarehe moja Julai. Kamba mpya imenunuliwa, roda inayoipitisha imepakwa grisi. Binti yangu ndiye anavuta ndoo juu, mimi nakuwa chini. Amekuwa akiomba siku moja ashuke yeye. Nimemwambia chini ni kwangu. Akitaka chini yake akatafute ardhi yake.

Sahihi hupati.

Mwamba


14 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo.

Nilikusudia kukujibu mistari mitatu na kulifunga hili. Lakini punje yako ya mchele ilinikaa kichwani kama wimbo. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza nimetoka Chumba namba 9 kwenda kuangalia picha zenyewe kwenye kioo kikubwa. Kwangu huwa nazihesabu tu, ziko ndogo kama stempu.

Mimi si daktari. Lakini mchele naujua.

Picha ya kwanza, punje ipo, nyeupe, upande wa kulia chini ya mbavu. Ya pili ipo. Ya tatu ipo. Ya nne, ile ya kuinama, haipo. Ya tano haipo. Nikamwita mpiga picha. Akaangalia, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Loo, mama wa watu."

Mambo yalikuwa hivi. Ulipochukua shati ukatoka, yeye alikufuata hadi korido kukubembeleza. Wewe ulishafika getini. Aliporudi akamkuta mama mmoja mshonaji tayari amesimama kwenye mashine. Mama huyo alikuwa amerudi kupigwa picha mbili tu za kuinama, kwa sababu zake za kwanza ziliharibika. Mpiga picha akampiga, na jina lililokuwa bado limewaka kwenye mashine lilikuwa lako. Kwa hiyo za mama zikaingia kwako, na faili la mama likabaki bila picha. Ameitwa tena mara mbili kuja kuinama. Mara ya mwisho alituuliza kama hospitali yetu inafundisha sarakasi.

Nimerekebisha. Msimbo wako sasa ni 412, picha tatu. Karatasi mpya naiambatanisha. Umeshinda, na mimi nakuomba radhi.

Ila ushindi huu una mkia, Mzee. Barua ya daktari uliyoipeleka kwenye kamati nimeisoma yote. Inasema pingili za chini za uti wa mgongo wako zimechakaa, lakini hazisogei unapoinama, kwa hiyo unaweza kuendelea na kazi. Ile "hazisogei" daktari aliisoma kwenye picha mbili za mwisho. Hizo ni za mama mshonaji. Zako hakuna aliyewahi kuziona, kwa sababu hazipo.

Daktari ameiondoa barua yake. Anasema pingili zikiwa zinasogea, mtu anaweza kuinua mzigo siku moja miguu ikagoma pale pale. Anakuomba uje upigwe hizo mbili. Mpaka hapo, usishuke kisimani.

Nisamehe swali lisilo la kazi: chini kule, futi themanini, mtu husikia nini?

Karani wa Misimbo


16 Juni

Karani,

Nimekumbuka. Niliinama.

Uzee una mambo yake, unasahau. Nilitoka, nikafika getini, nikarudi, nikainama, nikarudi nyuma, nikaondoka. Mpiga picha naye kasahau, maana ni mtu wa miwani. Na chuma changu huwa kinatembea. Kuna siku kipo kulia, kuna siku kimeenda zake.

Rudisha 414. Karatasi ya zamani ninayo, nimeitia sahihi jana, angalia, hii hapa. Kila kitu kibaki kama kilivyokuwa na daktari airudishe barua yake. Kamati wameshaipiga muhuri.

Nilikuwa naupenda uaminifu wako, lakini sasa umezidi.

Mwamba


18 Juni

Kwa Karani wa Misimbo,

Hunifahamu. Mimi ni binti yake Mwamba, ndiye ninayevuta kamba.

Barua yako ya tarehe 14 aliisoma amesimama, kama kawaida yake, kisha akaitia ndani ya kopo la misumari na kopo akalipandisha juu ya kabati. Sijaisoma. Nikimtaka aniambie mwenyewe, anaanza kusimulia kisima cha arobaini.

Tangu siku hiyo haimbi. Baba yangu akiwa na jambo huimba zaidi, kwa hiyo hili ni zito.

Nina swali moja tu. Tarehe moja nitamfunga kamba kiunoni na kumshusha. Mikono itakayomshusha ni yangu. Je, nimshushe?

Binti wa Mwamba


19 Juni

Dada yangu,

Karatasi ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Siwezi kukuambia kilichomo, hata ungekuja na machozi hapa mlangoni, na wewe huonekani mtu wa machozi.

Ninaloweza kukuambia ni lile ambalo kila mvuta kamba analijua tayari: kabla hujamshusha mtu, mwulize usoni kama yuko sawa, na usiikaze kamba mpaka akujibu swali ulilomwuliza, siyo lingine.

Nimemwandikia leo pia.

Karani wa Misimbo


19 Juni

Mzee wangu Mwamba,

Shikamoo.

Karatasi yako yenye sahihi ninayo mkononi. Siwezi kuipeleka. Wewe mwenyewe uliniambia sahihi hii haijawahi kusema uongo, na sitaki ianze kwangu.

Kuhusu chuma kinachotembea, nimemwuliza daktari. Alicheka mpaka akaketi.

Sasa ngoja nikwambie ninavyofanya kazi yangu. Faili halisemi yote. Daktari anaandika haraka, muuguzi anaandika kwa mkato, na mimi naokota neno hapa na neno pale mpaka nijue nini hasa kilifanyika. Barua zako nazo nimezisoma hivyo. Zote ziko mezani, nimezipanga kwa tarehe.

Unaandika umesimama, karatasi juu ya kabati. Umenunua viatu vya kutumbukiza mguu. Barua za watu wengine wazihifadhi wapi sijui, lakini naamini ni mahali pa juu. Na siku ile pale kwenye mashine, mtu anayebishania kila kitu aliambiwa ainame, na badala ya kubishana akachukua shati akaondoka.

Mzee wangu, mara ya mwisho kufunga kamba za viatu ilikuwa lini?

Usinijibu kama hutaki. Msimbo wa jibu hilo sina. Nauliza kwa sababu nataka kujua.

Karani wa Misimbo


24 Juni

Mwanangu wa Chumba namba 9,

Umenikalisha. Yaani kweli nimekaa, nimekaa kwenye kiti kuandika hii, na nitahitaji mtu wa kuninyanyua, ndiyo maana inakuwa ndefu.

Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka jana. Kamba ya kiatu cha kushoto. Niliinama nikaenda, kurudi nikashindwa. Nikabaki pale kama ndoano. Hakukuwa na mtu ndani. Nikajikokota hadi ukutani, nikaupanda ukuta kwa mikono kama mjusi. Nilipofika juu nikasema peke yangu, hii haijatokea. Na kwa kuwa hakuna aliyeona, ikawa haijatokea.

Halafu ikaja ile ya kisima cha sitini na moja. Hiyo hata binti yangu hajui. Nilikuwa chini, futi hamsini na tano, nimeinua jiwe, si kubwa, jiwe la mwanafunzi. Mguu wa kulia ukazimika. Halafu na wa kushoto. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kama vile miguu imeenda kwa mtu mwingine. Nikakaa kwenye matope. Binti akaita kutoka juu, "Baba, vipi?" Nikamwambia, "Nyamaza, nasikiliza maji."

Nikayasikiliza maji saa nzima. Yalikuwa yanakuja, kidogo kidogo, yalishanifika kwenye mfuko wa suruali. Na yeye juu akawa kimya kweli, hakuvuta, kwa sababu nilimwambia anyamaze. Ananiamini mno yule, ndiyo shida yake. Baadaye miguu ikarudi. Nikatoka nikamwambia maji ni mazuri.

Umeuliza chini kule mtu husikia nini. Hakuna upepo, hakuna kuku, hakuna redio ya jirani. Unasikia pumzi yako inagonga ukuta inakurudia. Na unasikia mtu wa juu. Kila anachofanya kinafika kwako, akikohoa, akisogeza mguu, kokoto ikidondoka. Siku ile nilimsikia akikaa, akisimama, akikaa. Nikajua ana hofu na hataki kunisumbua. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayekaa mahali pagumu.

Kwa mpiga picha sikukataa, mwanangu. Nilitamani kuinama kuliko alivyotamani yeye. Nilijua nikienda sitarudi, na korido ilikuwa imejaa watu wanaonifahamu. Nusu yao wanakunywa maji yangu.

Jana binti alinifuata nyuma ya nyumba akaweka kamba mpya miguuni pangu akasema, "Baba, uko sawa?" Nikaanza kisima cha arobaini. Akasema, "Sikukuuliza hicho." Sijui nani kamfundisha. Nikamwambia yote, hata la saa nzima. Hakulia. Alisema neno moja ambalo sitaliandika kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha, na lilikuwa la kuyatukania mawe.

Alhamisi nakuja. Lakini nina masharti. Mlango ufungwe. Mpiga picha asiniambie nishike vidole vya miguu, vile vilishahama. Nishike ninapofika. Na kwenye mashine wazime jina la mtu mwingine kabla sijaingia, mama mshonaji asije akapata mgongo wangu, hajanikosea kitu.

Mwamba


29 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo tena.

Nilikuwa korido Alhamisi. Hukunijua, na mimi sikujitambulisha. Nilitaka tu kumwona mgonjwa mmoja kabla sijastaafu. Mwandiko wako ni mkubwa kuliko wewe, Mzee. Nilitarajia mtu asiyepita mlangoni.

Mpiga picha anasema ulifika magotini, ukakaa hapo mpaka mashine ikalia, na ulirudi mwenyewe, ila ulimshika bega. Anasema bega bado linauma. Picha ni mbili, safi, na punje ya mchele ipo kwenye zote.

Daktari ameshakueleza uso kwa uso, sirudii mengi. Pingili inasogea. Mkanda uvae, mazoezi uende, na kisimani usishuke tena. Aliniambia ulimuuliza kama kukaa mdomoni mwa kisima kunaruhusiwa, akasema kunaruhusiwa, ukamwuliza na kupiga kelele je.

Naambatanisha karatasi ya bima. Imebidi niandike msimbo upya, kwa sababu sasa faili lako lina picha tano, na mbili ni za kuinama. Namba ni 414. Maneno pembeni ni yale yale uliyoyakataa, sikubadilisha hata nukta. Soma kwanza.

Mama mshonaji anakusalimu. Mgongo wake ni mzima, na haitwi tena kuja kuinama.

Karani wa Misimbo


9 Julai

Mwanangu Karani,

Marahaba, na ile nusu ya salamu niliyokunyima mwezi wa sita ipokee leo.

Nimeisoma karatasi. Safari hii asubuhi haikuisha, nimeshaizoea. Nimetia sahihi. Hiyo ni ya tano ukiacha ile ya uongo uliyoikataa, na ile nakuomba uichane.

Niko mdomoni mwa kisima cha shule, nimekalia kiti cha mwalimu mkuu, mkanda umenibana kama bibi harusi. Mwenyekiti wa tai yupo pia, anavuta kamba pamoja na walimu wawili, kwa zamu, na mikono yao imetoka malengelenge kama ya watoto. Nawafundisha. Hawajui kitu.

Binti yangu yuko chini. Futi sitini na nane. Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, mafundo matatu, nikamkagua mara mbili, akasema, "Baba, sasa utanishusha au utanioa?" Watu wakacheka. Nikamshusha. Hakuna aliyeniambia kwamba huku juu ndiko moyo unakotoka. Chini mtu ana kazi ya kufanya.

Leo saa nne mlio wa sururu ukakoma. Nikaita, "Vipi?" Nikaita tena. Akajibu kutoka chini kabisa, sauti ndogo, "Nyamaza Baba, nasikiliza maji."

Karani, mimi maneno hayo nayajua yalikozaliwa. Kiti kilidondoka upande wake na mimi upande wangu. Nilifika ukingoni, nikashika jiwe, na nikainama mpaka kichwa kikaingia ndani, niuone uso wake. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili, maji yamemfika kwenye kifundo, anacheka huko chini meno meupe. Alifanya makusudi, mtoto yule.

Kunirudisha ilichukua walimu wawili na mwenyekiti. Daktari usimwambie. Na hiyo usiiandikie msimbo.

Mwamba, wa visima sitini na viwili